Afishi ya Mwisho ya Mwalimu Etabo

Haya nitakayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu na tumbo limeshiba. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu wa Baraka, mji wetu huu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Ukisema umeona kitu, swali la kwanza ni ulikunywa nini, la pili ni kama ulikuwa na homa. Sikunywa kitu. Sikuwa na homa. Mimi naimba besi katika kwaya ya kanisa letu, nina kibanda cha fotokopi na picha za pasipoti karibu na soko, na kama ningetaka kutunga uongo ningetunga ule wa kuniletea wateja, si huu unaoniaibisha.

Kwanza ujue ugonjwa wangu. Ninakusanya afishi za uchaguzi, zile karatasi za ukutani zenye uso wa mgombea, namba yake na ahadi zake. Nakusanya na vipeperushi, na kalenda, na hata vitambaa vya kampeni. Nina masanduku matatu ya bati yaliyojaa mpaka kufuli hazifungi vizuri. Mke wangu anayaita wake wenzake, na akikasirika huyapiga teke akipita.

Cheka tu, nimezoea. Lakini niambie, wewe unajua afishi huenda wapi kura zikishapigwa? Wiki moja tu na zimekwisha. Mama wa mikate ya kukaanga anafungia mikate, watoto wanavalisha madaftari yao, yale mabango makubwa ya plastiki yanaanikiwa mihogo. Mimi nina kipeperushi kimoja kinachoahidi daraja, kimelowa mafuta ya mikate mpaka unaona upande wa pili, na nakipenda zaidi kwa sababu ya mafuta hayo. Nina afishi saba za uchaguzi ule wa kwanza baada ya vita, wagombea saba wa vyama saba, wote wamevaa kravati ile ile nyekundu yenye madoa meupe. Mpiga picha alikuwa na kravati moja tu, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukiwaangalia vizuri utaona kila mmoja ameifunga kivyake, na mmoja amejaribu kufichia nayo kola iliyochanika. Watu hao walikuwa wametoka kwenye makambi ya wakimbizi, hawana shati, hawana gari, na bado walisimama mbele ya watu wakasema nipeni kazi. Mimi nikiwaangalia navua kofia. Haki ya Mungu, navua.

Sasa siku moja asubuhi akaingia kibandani Mama Faida, yule anayeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mlango wa soko. Hakuwa na karatasi ya kutolea kopi. Alisimama tu, anafuta mikono kwenye kitenge.

"Papa, banasema weye unachungaka sura za bantu ba zamani."

"Za wagombea tu, mama."

"Njo ile natafuta. Baba yangu aliombaka kura ule mwaka wa kwanza. Mwalimu Etabo, namba makumi ine na moja. Uko naye?"

Sikuwa naye. Nikamuuliza anamtakia nini, na akanieleza akiwa amesimama vile vile. Picha zote za baba yake ziliungua pamoja na nyumba walipokimbilia Tanzania. Waliporudi, mwalimu alipigwa picha moja tu, ile ya afishi. Alishindwa uchaguzi, na kabla mwaka haujaisha akafa kwa ugonjwa, Mama Faida akiwa bado anabebwa mgongoni. Kadi yake ya kupigia kura walikuwa wameitunza, lakini unazijua kadi zile: uso ulifutika zamani, imebaki karatasi nyeupe yenye jina.

"Mi sikumujua, ile si neno," akasema. "Ni mama. Iko napoteza macho. Munganga amesema ni presha ya macho, ile yenye haiponake. Kila siku ananiambia, sauti ya baba yako iko mu masikio yangu, lakini sura imenipotea. Anataka amuone mara moja tu, mbele giza ifunge."

Nikamwambia anipe wiki mbili. Nilisema kwa majivuno, nisifiche, kama mtu anayeijua mifuko yake yote. Nani Fizi nzima ana afishi kunishinda mimi?

Nilifungua masanduku nikalala juu ya karatasi siku mbili. Hakuna. Niliuliza Baraka yote, nikapanda mpaka Fizi mjini kwenye bureau ya uchaguzi ambako nina rafiki, hakuna. Huko Lweba mvuvi mmoja mzee akanionyesha kipande alichozibia ufa wa mlango. Nilikitambua mara moja: namba arobaini na moja, ncha ya kravati nyekundu, na maneno Shule Kwanza. Juu ya kravati hakukuwa na kitu. Karatasi ilikuwa imekatika kwa vijino vidogo vidogo.

"Bambuzi," mvuvi akaniambia, na akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Bambuzi balimukula mwalimu yote!"

Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa. Hapa kwetu afishi hubandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo uliochemshwa. Wagombea wengine walikuwa wabahili, gundi yao ilikuwa maji matupu na karatasi zilining'inia. Mwalimu Etabo alimpa mbandikaji wake gunia zima la unga safi, amwonyeshe kila mtu kazi ya heshima. Mbandikaji akapika gundi nzito, akaipaka mbele na nyuma, kutoka Baraka mpaka Mboko, siku tatu bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya nne mbuzi wa vijiji vyote walikuwa wamesimama kwa miguu miwili ya nyuma, wanalamba ukuta na kutafuna uso wa mwalimu. Watu walienda kupiga kura hawamjui anafanana vipi. Utani ulioenea ni kwamba mwalimu alipata kura nyingi sana, ila za mbuzi.

Nilicheka, halafu sikucheka tena. Nilimwona yule mama mzee kichwani.

Wiki ya pili ilikuwa inaisha pale lori lililokuwa likiniletea wino wa mashine kutoka Uvira lilipokwama Mboko. Mto ulikuwa umejaa, dereva akapiga simu akasema njoo uchukue mzigo wako mwenyewe. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikafika saa nane mchana. Lori lilikuwa bado ng'ambo, linasubiri maji yapungue. Nikakaa kivulini kwenye depo ya zamani ya pamba, lile jengo la matofali lisilo na milango, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kuangalia ukuta.

Ukuta ule, niamini, ungeliza mkusanyaji yeyote. Chini ya paa mvua haifiki, na kila uchaguzi umebandikwa juu ya mwingine. Pale penye kona zilizoinuka ulikuwa unaona rangi za vyama juu ya rangi za vyama, unene wa kidole. Nilikuwa nimeweka pua karibu na karatasi niliposikia brashi.

Mwanaume mmoja wa makamo alikuwa anakuja taratibu kando ya ukuta, ndoo mkononi, anabonyeza kona zilizobanduka, moja moja. Habandiki kipya. Anatengeneza. Wakati wa uchaguzi haukuwepo hata kwa mbali, nikajua ni mtu wa kampuni ya simu au wa kanisa. Ndipo nikaiona fulana yake.

Ilikuwa fulana ya kampeni ya uchaguzi wa kwanza. Zile fulana nazijua. Zilizobaki ni matambara ya kufutia pikipiki. Yake ilikuwa mpya. Mikunjo ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana kifuani, rangi inang'aa, namba arobaini na moja imesimama safi. Mtu mwenye akili angejiuliza imekuwaje. Mimi nilijiuliza bei gani.

"Papa, hiyo nguo utaniuzia?" Ndiyo salamu niliyompa. Hata habari ya mchana sikusema.

Akaiangalia fulana yake, akaniangalia. "Ii siwezi kuvula," akasema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. "Unishikie ndoo."

Nikashika. Kwa nini? Sijui, alivyosema ilikuwa kazi ya kawaida. Ndoo ilikuwa imejaa gundi, inanuka muhogo na pilipili, pilipili kali ya kukufanya upige chafya. Na ilikuwa baridi. Jua la Mboko saa nane unalijua, bati linatoa sauti, lakini mpini wa ndoo ile ulikuwa baridi kama umetoka kisimani. Akachovya brashi, akapaka. Akachovya tena. Mimi ni mtu wa wino, kazi yangu ni kuangalia kiasi kilichobaki. Alichovya labda mara thelathini na gundi haikushuka hata ukucha.

"Nani unatafuta?" akaniuliza bila kugeuka.

"Mwalimu Etabo."

Brashi ikasimama.

"Ule mi nilimuharibia," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito sasa. "Alinipa unga muzuri. Mi nikapika gundi ya kukula. Mutu muzima, nilisahau mbuzi! Nilimufata kwake nyumbani, nikapiga magoti. Unajua alisema nini? Alicheka. Akasema, basi kampeni yangu imeshibisha hata mbuzi, benzangu habajashibisha mutu. Akanipa maji ya kunywa. Mama muke wake akanipa samaki. Afasali bangenipiga."

Nilisimama pale na ndoo yangu, na nilimpenda mwalimu yule ambaye sijawahi kumwona. Nilimpenda na huyu mwenye brashi. Ni watu wangapi unaowajua ambao kosa la kazi linawauma hivyo?

"Afishi ilibakia moja," akaendelea. "Ile niliweka pilipili mu gundi. Hakuna mbuzi ilirudia. Iko hapa."

Akaweka kiganja juu ya ukuta, juu ya uso wa mgombea wa juzi juzi, yule mwenye miwani. Nikamwambia haiwezekani, kuna tabaka nne au tano, itatoka vipande. Najua kazi hiyo. Kuibandua afishi ya chini bila kuichana huwa inanichukua siku nzima na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na mara nyingi nashindwa. Yeye alilowesha vidole kwenye gundi, akavibana pamoja, akaingiza mkono ukutani.

Nisikilize vizuri hapa. Hakuinua kona. Hakukata. Mkono uliingia katikati ya karatasi na karatasi kama unavyotia mkono mfukoni, mpaka kwenye kiwiko, na karatasi za juu hazikutikisika. Yule mwenye miwani aliendelea kutabasamu mahali pake. Mkono ukatembea ndani taratibu, unatafuta, halafu ukatoka umeshika afishi nzima, mbichi, kona zote nne. Mwanaume mwembamba, masikio makubwa kidogo, macho ya mtu anayengoja mwanafunzi ajibu. Kravati nyekundu. Arobaini na moja.

Hapo ndipo woga uliniingia. Lakini nikuambie ukweli, katika woga ule nilikuwa nawaza pia: kazi gani hii! Maisha yangu yote sitaona fundi kama huyu.

Akaniwekea karatasi kwenye mkono wa kushoto. "Pelekea muke wake leo. Leo, umesikia? Usimuwekee kesho. Mi nilichelewaka kurudisha, ile inatosha."

Ng'ambo lori likapiga honi. Niligeuka, nadhani ni kwa kupumua tu. Nilipoangalia tena, ukuta ulikuwa peke yake, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjika kushika mpini ambao haupo.

Sasa inakuja sehemu ninayoionea haya.

Lori lilipovuka nilichukua wino wangu, nikafika Baraka jua likiwa linazama, nyumba ya Mama Faida haiko mbali na kwangu hata dakika kumi. Sikwenda. Nilijiambia nimechoka. Uongo. Niliiweka afishi juu ya meza, nikaikausha, nikaiangalia, na ule ugonjwa ukanishika shingo. Ni moja tu duniani! Nani ataitunza kama mimi? Watu wale watai­kunja, wataipigilia msumari, moshi wa jikoni utaimaliza. Si nina mashine? Nitatoa kopi nzuri, niwape kopi, koko, yule bibi mzee, atamwona mume wake, na afishi itabaki sandukuni salama. Kila mtu atafurahi.

Asubuhi niliwasha jenereta, nikatia wino mpya, nikatoa kopi. Namba ilitoka. Kravati ilitoka, hata madoa yake. Shule Kwanza ilitoka nyeusi safi. Mahali pa uso palikuwa peupe.

Nikasafisha kioo. Nikatoa nyingine. Nyeupe. Nikapiga picha kwa simu: mabega, kravati, na juu yake weupe kama ile kadi ya kura. Nikiangalia karatasi yenyewe, mwalimu yupo, ananitazama. Wewe ungefanya nini? Mtu mwenye hofu ya Mungu angekimbia na afishi kwa mwenyewe. Mimi nilibadilisha mwanga. Nilijaribu siku hiyo, na siku ya pili, na ya tatu. Mama Faida alipita kibandani akiwa na beseni la ndagala kichwani, akauliza, "Papa, bado?" Nikamjibu, "Bado, mama." Afishi ilikuwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wangu.

Siku ya nne jioni hakuuliza. Aliegemea tu mlango wa kibanda. "Jicho ya kuume ya mama imefunga jana," akasema. "Ya kushoto imebakia katundu tu."

Nilichukua afishi nikamfuata bila kufunga hata kibanda.

Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, pale mwanga wa mwisho unapofika. Mwanamke mdogo, kichwa cheupe, mgongo umenyooka. Nikamwambia nimemletea Mwalimu Etabo, na kwamba Papa Kole amerudisha; sijui jina hilo lilitoka wapi kinywani mwangu, yule mtu hakunitajia. Yeye hakushangaa. Alinyoosha mikono yote miwili.

Aliisogeza karatasi karibu na jicho, upana wa kiganja. Na hapo niliona nilichofanya. Tundu lililobaki lilikuwa dogo sana. Hakuweza kuuona uso wote kwa pamoja. Alikuwa anaitembeza karatasi polepole mbele ya jicho, na anasema kwa sauti anachokuta. "Paji ya uso. Njo hii. Jicho. Jicho ingine. Pua, ee, ile pua." Anarudi juu, anaanza upya, anajaribu kukiunga kichwani. Mama Faida alikuwa amepiga magoti nyuma yake, analia bila sauti, anamwona baba yake kwa mara ya kwanza juu ya bega la mama yake.

Halafu koko akacheka. "Mbona iko kijana hivi?" akasema. "Nilikuwa nalilia muzee mwenzangu. Kumbe ni katoto! Etabo, angalia vile nimezeeka, utanijua kweli?" Akampapasa shavu kwa kidole gumba. Tukacheka wote, hata mimi, na machozi yananitoka.

Nilipoaga akanishika mkono. "Ulimupata siku gani, papa?"

"Leo, koko."

"Aksanti. Haukukawia."

Wiki mbili baadaye tundu nalo likafunga. Mpaka leo anaweza kukuelezea uso wa mume wake, masikio na yote, na afishi iko chini ya mto wake.

Nilirudi Mboko kuuliza. Mama mmoja anayekaanga mikate karibu na depo aliniambia ndiyo, Papa Kole alikuwepo, mbandikaji, alikufa mvua za kwanza baada ya uchaguzi ule. Walimzika na fulana ya kampeni kwa sababu ndiyo nguo mpya pekee aliyokuwa nayo. Alinieleza bila kushangaa, anageuza mikate, akaniuliza nataka ya ngapi.

Mimi mkono wangu wa kulia, huu ulioshika ndoo, haujapata joto tena. Kanisani watu wakinisalimia wanaurudisha mkono wao haraka, wananiuliza kama nimetoka kwenye frigo. Mke wangu hataki nimguse nao. Daktari ameupima, anasema damu inatembea vizuri. Masanduku yangu sasa yako wazi; mtu akija kumtafuta babu yake nampa karatasi yenyewe, siku hiyo, aende nayo. Moja limeshabaki nusu.

Mama Faida na koko hawajui habari ya zile siku nne. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kwa hiyo ukipita Mboko wakati hakuna uchaguzi, ukamkuta mtu mwenye fulana mpya anatengeneza kona za afishi, usiogope, ni mtu mwema na ni fundi. Mshikie ndoo. Lakini akikupa sura ya mtu umpelekee mwenyewe, nenda jioni ile ile, hata kama umechoka, hata kama ni nzuri kiasi gani. Mimi nilisema kesho mara nne, na koko akamwona mume wake vipande vipande.